Kufufua boti ya pantoni ya zamani nyumbani: anzia kwenye maboya, viti vitasubiri

Hii naiandikia hasa ndugu zetu mlioko huku Marekani kwenye majimbo ya maziwa makubwa na madogo, Minnesota, Wisconsin, Michigan na majirani zake, maana kila msimu kuna mtu anauliza kuhusu ile pantoni ya zamani iliyokaa nyuma ya nyumba ya jirani, turubai limechanika, nyasi zimeota mpaka kwenye uzio, na mwenyewe anaiuza bei ya kutupa au anakwambia njoo uibebe tu. Na kila msimu ushauri anaopewa unaanzia juu, viti gani, spika gani, taa rangi gani, wakati kitu kinachoamua kama boti itaelea au itazama kiko chini ambako hakuna anayeangalia. Mi nasema pesa yako na nguvu zako ziende chini kwanza, ukisharidhika na chini ndo upande juu.

Tuelewane kwanza. Pantoni hapa sio ile ya Kigamboni ya kuvusha magari. Ni boti ya familia: maboya mawili marefu ya alumini, mviringo kama bomba, juu yake mihimili ya alumini imekingama, juu ya mihimili sakafu ya plaiwudi, afu uzio, viti, usukani na injini ya kupachika nyuma. Aliyeianzisha anajulikana, mkulima mmoja anaitwa Ambrose Weeres wa Richmond, hapa hapa Minnesota, mwaka 1952 aliunganisha mapipa ya chuma akaweka jukwaa la mbao juu yake. Tangu hapo chuma kimekuwa alumini na viti vimekuwa vya kifahari lakini umbo ni lile lile, karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, skrubu na ribiti, na ndo maana mtu mwenye spana, drili na subira anaweza kuivua yote na kuirudisha mwenyewe nyumbani. Halafu sakafu yake iko flati na ina mlango, bibi mwenye fimbo yake anapanda kutoka gatini bila kuruka, watoto wanakaa ndani ya uzio, hapo ndo mi naipendea.

Kabla hujatoa hata dola moja

Makaratasi. Boti ina makaratasi yake na trela ina ya kwake, ni vitu viwili tofauti. Angalia namba ya bodi, boti zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa 1972 zina namba ya herufi na tarakimu 12 imechongwa au kubandikwa nyuma, ifananishe na iliyoko kwenye karatasi. Muuzaji akikwambia makaratasi yalipotea lakini sio shida, mwambie aende kwanza ofisi ya usajili akayatoe yeye mwenyewe, maana ukishalipa hiyo shida inakuwa ya kwako.

Afu lala chini. Kabisa, chukua turubai, chukua tochi, ingia chini ya boti ikiwa kwenye trela yake. Bonyeo dogo katikati ya boya halina neno, pantoni nyingi zinayo miaka na miaka. Bonyeo lililoko kwenye mshono wa kuchomelea ndo la kuogopa. Angalia unga mweupe na vishimo vidogo vidogo kwenye alumini, angalia madoa ya gundi na silikoni, kila kiraka kinakwambia pale palishawahi kuvuja. Gonga boya kwa ngumi kuanzia mbele mpaka nyuma, sehemu yenye maji inatoa sauti nzito. Kisha fuata kila mhimili pale unapokutana na mabano yanayoshika boya, nyufa zinapenda kuanzia hapo, na pia nyuma pale injini inapofungiwa.

Sakafu iliyooza, viti vilivyochanika, zulia linalonuka, rangi iliyopauka, hivyo vyote visikutishe, utavitupa hata hivyo. Vinavyoweza kukufilisi ni vitatu, maboya, mihimili na injini. Kama maboya yote mawili yana vishimo kila mahali, achana nayo hata ukipewa bure.

Kuiweka na kuivua

Kama trela ni nzima fanyia kazi juu ya trela, zuia matairi kwa vizuizi yasisogee. Kama ni lazima ushushe, egemeza kwa magogo mazito yaliyopangwa msalaba, na uzito ukae chini ya mihimili au pale kwenye mabano, usiweke gogo katikati ya boya tupu litabonyea. Na usiingie chini ya boti iliyoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Kabla hujalegeza bolti ya kwanza, piga picha. Piga nyingi, kila kona ya uzio, kila waya nyuma ya dashibodi, kila bano la kiti. Bandika utepe wenye namba kwenye kila kipande cha uzio, kushoto 1, kushoto 2, na kadhalika, na bolti za kila kipande ziweke kwenye mfuko wake ulioandikwa. Vipande vya uzio vinaonekana vimefanana lakini havifanani, na utakuja kuvirudisha baada ya miezi wakati umeshasahau.

Utaratibu ni viti kwanza, afu usukani na nyaya zake, afu uzio, afu zulia, mwisho plaiwudi. Bolti za sakafu kwenye boti za zamani zimeota kutu, nati inazunguka na bolti yake, usipoteze muda nazo, kata kwa grainda kutoka chini au toboa kichwa. Vaa miwani. Nati na vichwa vyote viokote, usiache vikabaki vimelala kwenye alumini na unyevu.

Usiitupe plaiwudi ya zamani yote. Hata kama imeoza bakiza vipande vyenye kona na matundu ya usukani, utavitumia kuchorea mipya.

Maboya: hapa usiharakishe

Ndani ya kila boya kwa kawaida kuna kuta zinazoligawa vyumba, ili chumba kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Maana yake unapima chumba kimoja kimoja. Na huku kwenye baridi kuna sababu nyingine ya kuwa makini, maji yaliyobaki ndani ya boya yakiganda Januari yanatanuka na kupasua mshono, tundu la sindano mwaka huu mwakani linakuwa ufa.

Kupima kwa kujaza maji sishauri. Boya la kipenyo cha inchi 19 lenye urefu wa futi 20 linaingia lita elfu moja na zaidi, hiyo ni tani moja ndani ya kitu kilichotengenezwa kuzungukwa na maji sio kuyabeba, tena kikiwa kimekaa juu ya magogo. Pima kwa hewa. Fungua kizibo cha kutolea maji, kama hamna kizibo toboa tundu dogo sehemu ya juu ya chumba (juu, sio chini), weka nyuzi za skrubu, funga kiunganishi cha hewa, na baadae utaziba kwa plagi ya alumini. Tumia pampu ya mkono yenye geji. Usizidishe psi 2 (paundi 2 kwa kila inchi ya mraba), yaani mbili tu. Inaonekana ndogo sana lakini kwenye kifuniko cha mwisho cha boya la inchi 19 hiyo psi 2 inasukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 250, kompresa ya gereji ukiiachia inaweza kupasua boya zima na kukuumiza. Pakaza maji ya sabuni kwenye mishono yote kwa brashi, subiri, angalia mapovu. Kila povu weka alama kwa kalamu ya rangi isiyofutika. Geji ikishuka na huoni povu, angalia pale juu yanapokaa mabano, watu wanapasahau.

Matundu madogo ya sindano unaweza kuziba mwenyewe kwa gundi ya epoksi inayoshika alumini, ile inayobaki na ulaini kidogo baada ya kukauka, G/flex ya West System ni mojawapo. Siri iko kwenye usafi. Safisha mafuta, kwangua kwa brashi ya waya ya chuma kisichoshika kutu, pakaza epoksi afu endelea kuikwangua ikiwa bado mbichi juu ya alumini, kwa sababu alumini ikikutana na hewa inajifunika ngozi nyembamba papo hapo na gundi inashika ile ngozi badala ya alumini yenyewe. Brashi iwe mpya, iliyokwisha kugusa chuma cha kawaida usiitumie.

Ufa na mshono uliofunguka hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea alumini, mwenye mashine ya TIG au MIG ya alumini. Sio kila fundi wa mageti anaijua alumini, muulize kama ameshachomelea boti. Vile vijiti vya alumini vya kuyeyusha kwa moto wa gesi, video zake ni nzuri kuangalia, mi siviamini kwenye boya litakalobeba watoto. Na jambo moja mkumbushe fundi hata kama anajua: chumba kiwe wazi, kizibo kimetolewa, wakati anachoma. Hewa iliyofungiwa ikipata moto inatanuka na kutoboa kazi yake ikiwa bado laini, na kama ndani kuna mvuke wa petroli ni hatari ya mlipuko. Akimaliza pima tena kwa hewa, usichukue neno lake.

Kuosha maboya ni rahisi lakini chafu. Anza na mashine ya kuoshea ya presha na sabuni, ule ukijani wa ziwa unaobaki tumia dawa ya kusafishia alumini ambayo ni asidi, glavu ndefu, miwani, barakoa, kaa upande upepo unakotokea, loanisha kwanza, usiache ikauke, suuza sana. Epuka dawa zenye asidi ya hidrofluoriki, hizo zinapita kwenye ngozi na kuingia mpaka ndani ya mwili, na usichanganye dawa yoyote ya asidi na klorini. Ukitaka mng'ao wa kioo unasugua kwa pasta na mashine ya kuzunguka, siku nzima inaisha na mabega yanauma, afu usipopakaza kinga juu yake inapauka tena msimu ule ule. Boti ya kulala kwenye trela haihitaji rangi ya kuzuia konokono chini, na ukiamua kupaka, isiwe yenye shaba.

Mihimili na yale mabano

Kaza kila bolti inayoshika maboya na mihimili, zilizoliwa badilisha zote. Bolti za chuma kisichoshika kutu ndo sahihi, ila chuma hicho na alumini vikikaa pamoja na unyevu alumini inaanza kuliwa taratibu pale kwenye mgusano, kwa hiyo kila bolti ipakwe grisi maalum ya kutenganisha metali, Tef-Gel au Duralac, kidogo tu kwenye nyuzi. Mhimili wenye ufa uchomelewe au ubadilishwe wote. Kuunga kwa kipande cha bati na ribiti haitoshi.

Sakafu: mbao gani, na mbao gani usiguse

Upana wa pantoni nyingi za zamani ni futi 8, na shiti ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8, ndo maana inalazwa kukingama na boti ya futi 20 inakula shiti tano. Unene robo tatu ya inchi. Ukiweka nyembamba zaidi utasikia sakafu inabonyea kati ya mhimili na mhimili na skrubu zitaanza kulegea.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu boti nzima kwa nia njema. Wanaenda duka la vifaa vya ujenzi, wanaona plaiwudi ya kijani iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza, wanasema hii ndo yenyewe. Dawa ile ina shaba nyingi. Shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndo inayoliwa, na mihimili yako yote iko chini ya hiyo mbao imeikumbatia. Zamani mbao za dawa zilikuwa na mchanganyiko mwingine wenye aseniki, huku Marekani ziliondolewa kwenye matumizi ya nyumbani mwisho wa 2003 na dawa zilizoingia badala yake zina shaba zaidi, kwa hiyo hata mzee akikwambia yeye aliweka ya dawa mwaka 1990 na haikumsumbua, anaweza kuwa anasema kweli lakini anazungumzia mbao nyingine. Viwanda vya boti navyo vina plaiwudi ya dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, hiyo ni bidhaa tofauti na ina dhamana yake, sio ile ya kujengea uzio wa bustani.

Una njia mbili nzuri. Plaiwudi ya boti, ghali, tabaka zake hazina mapengo ndani. Au plaiwudi ya kawaida ya nje yenye gundi isiyoogopa maji na uso mmoja safi, ambayo wewe unaiziba mwenyewe. Mi kwa boti ya ziwani inayokaa chini ya turubai naona ya pili inatosha ukiifanyia kazi kwa bidii, na kazi yenyewe ni kingo. Plaiwudi inaozea kwenye kingo na kwenye matundu, sio katikati. Kata kila shiti kwa kipimo kwanza, toboa matundu yote, ijaribishe juu ya mihimili, afu ndo uishushe na kuipaka. Epoksi nyepesi kwenye kingo mara mbili tatu mpaka zisinywe tena, ndani ya matundu pia, uso wa chini na wa juu rangi ya nje au epoksi mara mbili. Aliyepaka kwanza akakata baadae hajaziba kitu.

Joto la hewa uliangalie. Epoksi na gundi nyingi zinataka nyuzi 10 za Selsiasi kwenda juu, na huku kwetu hiyo ni Mei au ndani ya gereji yenye hita. Mpango mzuri ni kuvua boti Septemba, maboya kabla barafu haijaja, plaiwudi unazipaka gerejini polepole, majira ya kuchipua unafunga.

Kabla ya kufunga shiti ya kwanza pima pembe kwa pembe, kutoka kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia, na ile nyingine, zikilingana boti iko mraba. Zisipolingana maboya yamekaa mshazari na boti itavuta upande mmoja, legeza mabano uisogeze sasa kabla hujaifungia sakafu juu yake. Tumia matundu ya zamani ya mihimili kadri yanavyofaa, kila tundu jipya linapunguza nguvu. Kati ya shiti na shiti acha inchi 1/8, mbao inavimba. Vichwa vya skrubu vizame kidogo, jaza epoksi nzito, piga msasa, fagia, vuta vumbi.

Juu ya mbao weka nini

Zulia la boti ni rahisi na laini miguuni lakini linashika maji, na plaiwudi chini yake haikauki. Mi ni mtu wa vinaili ya kufumwa, ile nzito yenye mgongo, maji yanapita, mabaki ya chakula unafagia. Iache ijilaze juani siku moja kwanza. Gundi ya nje, tandaza kwa mwiko wenye meno, laza nusu ya boti kwanza ukiwa umeikunja nusu nyingine, sukuma hewa kwa rola nzito kutoka katikati kwenda pembeni. Mkiwa wawili ni raha, mtu mmoja atalia. Chini ya mlango na pembeni funika kingo kwa ukanda wa alumini.

Uzio, paneli na viti

Paneli za uzio zimeshikwa kwa ribiti, toboa vichwa kwa drili ya inchi 3/16 zinadondoka zenyewe. Bati likiwa limenyooka pasugue, paka praima ya kushika alumini afu rangi, au bandika vinaili ya kufunikia magari ambayo ukiichoka unaivua. Hapa ndo unaweza kuonyesha ulikotoka, nimeona watu wanaweka pindo za kitenge zilizochapishwa kwenye vinaili pembeni mwa paneli na inapendeza sana. Ribiti mpya ziwe za alumini.

Viti vya zamani vina fremu za plaiwudi ndani, nyingi zimeoza kama sakafu. Fremu za plastiki unaweza kununua zenyewe. Kama una mama au dada anayejua cherehani, mifuniko mtashona nyumbani, ila kitambaa kiwe vinaili ya boti, uzi uwe wa polyesta usioogopa jua, pini za stepla ziwe za chuma kisichoshika kutu. Sponji iliyonyonya maji miaka mingi itupe, harufu yake haitoki na ukungu wake unarudi kwenye kitambaa kipya.

Umeme

Fumua zote. Boti ya miaka thelathini ina nyaya zilizoongezwa na kila mwenye nayo, na huwezi kujua ipi inaenda wapi. Nunua waya wa boti uliopakwa bati, ule wa shaba tupu unageuka mweusi ndani. Chanya nyekundu, hasi ya njano au nyeusi, chagua moja uishikilie boti nzima. Betri kwenye boksi lake limefungwa lisiruke, swichi kuu ya kuzimia, fyuzi karibu kabisa na betri, inchi 7 ndo kipimo wanachopenda mafundi wa boti. Maungio yawe ya kubana kwa koleo yenye mpira unaonywea kwa joto, vile vikofia vya kusokotea nyaya za nyumbani havina kazi kwenye chombo kinachotikisika. Taa za usiku ni nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe ya juu inayoonekana pande zote, hizo fungia kwenye swichi yake zenyewe, zisichangie fyuzi na muziki.

Betri na tanki la petroli visikae chumba kimoja, na tanki lisifungiwe ndani ya kiti kisicho na tundu la hewa. Mvuke wa petroli ni mzito unashuka chini na kutulia, unasubiri cheche.

Injini

Sitaingia ndani sana kwa sababu injini ni somo lake. Pima mgandamizo wa kila silinda, namba zikipishana zaidi ya asilimia 10 au 15 muone fundi kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mwaga oili ya gia ya chini, ikitoka nyeupe kama maziwa maji yameingia na sili zimekwisha. Impela ya pampu ya maji badilisha bila kujiuliza, ni kipande cha mpira cha bei ndogo na kikifa injini nzima inaungua. Mipira yote ya mafuta, balbu ya kupampia, filta na plagi, mpya. Petroli ya miaka mitatu kwenye tanki isiguse kabureta. Injini za zamani za mipigo miwili nyingi zinachanganya petroli 50 kwa oili 1, oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3, lakini soma ya kwako inasemaje. Na usiiwashe nchi kavu bila kuifungia bomba la maji.

Kujipendelea, kwa kipimo

Sasa ndo spika, taa za LED, meza, kivuli cha turubai, kishikio cha ndoano za wavuvi. Fanya utakavyo ila kila kitu uulize kina kilo ngapi na kimekaa juu kiasi gani. Yale maboya mawili ya inchi 19 yanaelea jumla ya tani mbili na kidogo yakizama kabisa. Boti yenyewe ina kilo 600 hadi 700, weka injini na mafuta, weka watu kumi wa kilo 75, tayari maboya yamezama theluthi mbili. Ghorofa ya kuotea jua na bembea ya kuteleza majini zinawekwa kwenye boti zilizojengwa kwa hilo, ukizipandisha kwenye pantoni ya zamani na watoto sita wakapanda juu wakaegemea upande mmoja inapinduka. Kuongeza boya la tatu katikati inawezekana lakini mara nyingi bei yake inanunua boti nyingine. Kama kuna kibati cha kiwandani kinachosema mwisho wa watu na uzito, hicho kiheshimu.

Jiko la nyama choma la gesi liwe limefungwa kwenye uzio upande upepo unakokwenda, mbali na tanki, mkaa sikubali kabisa juu ya sakafu ya mbao. Injini ikiwaka hakuna mtu wa kuogelea nyuma, kwa ajili ya propela na kwa ajili ya ule moshi usionusika unaoua.

Siku ya kuingia majini

Siku moja kabla shughulikia trela, beringi zitie grisi, taa zote, matairi angalia umri sio upara tu, yanapasuka kwa uzee. Jaketi okozi moja kwa kila mtu ya saizi yake, na boya moja la kurusha, hilo ni sharti kwa boti ya futi 16 kwenda juu. Minnesota mtoto chini ya miaka 10 lazima awe ameivaa boti ikiwa inatembea, kuwa nayo chini ya kiti haihesabiki. Mei maji bado ni ya barafu, hata wewe mtu mzima uliyezaliwa pembeni mwa Ziwa Victoria ukaogelea toka utotoni, vaa. Kama injini ina kamba ya kuzimia jifunge, ni sheria ya nchi nzima tangu Aprili 2021 kwa boti ndogo zenye kamba hiyo.

Safari ya kwanza iwe bila watoto, watu wawili, karibu na gati, siku isiyo na upepo. Shusha, funga kwenye gati, kaa hapo saa nzima injini ikiwa imezimwa. Simama nyuma utazame maboya mawili mstari wao wa maji uko sawa au mmoja unashuka. Ndipo uwashe, tembea taratibu, zima, washa tena, hakikisha maji ya kupoozea yanatoka. Ukirudi, kabla hujaondoka gatini vua majani yote, fungua vizibo vya kutolea maji na uviache wazi njiani, sheria ya huku iko kali kwa ajili ya kome wa pundamilia, kombe wadogo wavamizi wanaosafiri kwenye boti. Vile vya maboya vifungue kimoja kimoja hapo hapo, uone kama kuna maji yanatoka. Kukitoka maji rudi kwenye sabuni na pampu, kwa chumba hicho tu. Kukiwa kukavu, chukua spana, pita tena kila bolti ya sakafu na mabano, maana mbao mpya inajilaza baada ya matembezi ya kwanza na bolti zinaweza kuwa zimelegea kidogo.